London Calling ya The Clash: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtindo na asili ya muziki wake

Ukigusia The Clash mbele ya wapenzi wa muziki, maswali yatakayofuata mengi ni yale yale, na karibu yote huishia kwenye albamu moja, London Calling. Wanaouliza ni pamoja na wanaotaka kuiandika. Haya hapa pamoja na majibu yake. Mengine yamejibiwa kwa urefu, mengine kwa mstari mmoja tu, maana hayahitaji zaidi.

Kwa kifupi, London Calling ni albamu gani?

Ni albamu ya tatu ya The Clash, bendi ya panki ya London. Ilitoka Uingereza tarehe 14 Desemba 1979 kwa lebo ya CBS, kisha Marekani Januari 1980 kwa lebo ya Epic. Ni santuri mbili zenye nyimbo 19, muda wake ukizidi saa moja kidogo. Joe Strummer aliimba na kupiga gitaa, Mick Jones alipiga gitaa la solo na kuimba, Paul Simonon alishika besi na Topper Headon alikaa kwenye drams. Mickey Gallagher wa bendi ya The Blockheads aliitwa kupiga kinanda, na wakaongezwa wapuliza tarumbeta na saksafoni. Prodyuza alikuwa Guy Stevens, fundi mitambo Bill Price. Ilirekodiwa katika studio za Wessex, mtaa wa Highbury, London.

Ni panki kweli? Mbona nikiisikiliza nasikia kila kitu isipokuwa panki?

Inategemea unaiita panki nini. Panki iliyolipuka London mwaka 1976 ilikuwa na dalili zake: wimbo wa dakika mbili tatu, kodi (mafungu ya noti zinazopigwa pamoja) chache, gitaa linalonguruma mwanzo hadi mwisho, mwimbaji anayepayuka. Ukitumia kipimo hicho, nyimbo za albamu hii zitakazopita ni za kuhesabu kwa vidole. "Clampdown" ingepita kwa hasira zake, na labda "Death or Glory".

Lakini kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kuwabana wenyewe panki. Sex Pistols, bendi ya panki iliyojulikana kuliko zote, walisambaratika Januari 1978. Bendi zilizokuja nyuma yao zilikuwa zikirudia mngurumo ule ule, na The Clash waliona wakibaki hapo watazeeka mapema. Isitoshe, hata wao hawakuwahi kuufuata ule mstari barabara. Kwenye albamu yao ya kwanza, ya Aprili 1977, katikati ya nyimbo fupi za kukimbizana waliweka "Police & Thieves", wimbo wa rege wa Junior Murvin uliotengenezwa na Lee Perry huko Jamaika mwaka 1976. Wakaupiga kwa dakika sita. Kwa hiyo anayesema London Calling ndipo walipoiasi panki ameanza kusikiliza katikati ya safari.

Ninavyoona mimi, panki kwenye albamu hii iko kwenye mkono wa mpigaji. Ni ule ukali wa kushika chombo, haraka ya kumaliza jambo, na kutojali kama umehitimu mtindo fulani ndipo uupige. Nyimbo zenyewe zimetoka kwingi, na kila moja ina kwao.

Basi niandike "mchanganyiko wa mitindo" yaishe?

Ukitaka kuandika kitu kisichomsaidia msomaji, ndiyo. Maneno hayo yanafaa albamu elfu. Hapa mitindo haikukorogwa chungu kimoja. Wimbo mmoja ni rokabili (rock and roll ya mwanzo yenye damu ya kantri), unaofuata umeegemea jazi, halafu unakuja mdundo wa Bo Diddley, mkongwe wa rock and roll, halafu ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege. Huo ni upande wa kwanza wa santuri ya kwanza tu. Andika wimbo kwa wimbo.

Rege iliingiaje kwa vijana Wazungu wa panki?

Hili ndilo swali lenye nyama kuliko yote.

Kwanza kulikuwa na ujirani. Paul Simonon alikulia Brixton na maeneo ya Notting Hill, mitaa ya London iliyojaa familia zilizohamia kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibi. Rege na ska alizisikia mtaani tangu utotoni, kabla hajajua kushika chombo chochote. Alipoingizwa kwenye bendi hakuwa mwanamuziki. Alibandika alama za noti kwenye shingo ya besi yake na kujifunza akifuatisha santuri, nyingi zikiwa za rege, kwa sababu ndani ya rege besi inasikika vizuri na ndiyo inayoongoza. Mpiga besi wa roki wa kawaida hujificha nyuma ya gitaa. Simonon tangu mwanzo alifundishwa na santuri zake kuwa besi ndiyo wimbo.

Pili, palikuwa na klabu. Roxy, klabu ya panki iliyofunguliwa London mwishoni mwa 1976, ilikuwa na DJ anayeitwa Don Letts, kijana mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Jamaika. Santuri za panki wakati huo zilikuwa bado hazijatengenezwa za kutosha kujaza usiku, kwa hiyo kati ya bendi na bendi Letts alipiga rege na dabu, yaani rege iliyopunguzwa uimbaji na kuachiwa besi na drams. Vijana wa panki wakazizoea hivyo. Mwaka 1977 Bob Marley naye akatoa "Punky Reggae Party", wimbo unaowataja The Clash kwa jina.

Tatu, kulikuwa na polisi. Agosti 1976 Strummer na Simonon walikuwepo kwenye kanivali ya Notting Hill siku vijana weusi walipopambana na polisi. Wimbo wao "White Riot" ulitokana na tukio hilo. Kwa hiyo mapenzi yao kwa rege yalikuja pamoja na kuona nani anasukumwa ukutani na kupekuliwa mtaani.

Kufikia 1979 hawakuwa wageni tena. Msomaji wa Afrika Mashariki ambaye amepanda daladala au matatu atalitambua lile gitaa la rege mara moja: gonga mguu chini kufuata mdundo, na gitaa litakata kila mguu unapokuwa juu. Lisikilize kwenye "Rudie Can't Fail", huku tarumbeta zikilisindikiza kama kwenye ska ya miaka ya 1960, kisha kwenye "Revolution Rock" upande wa nne.

"The Guns of Brixton" inahusu ghasia za Brixton?

Hapana. Ghasia hizo zilitokea Aprili 1981, na wimbo ulikuwa umeshatoka Desemba 1979. Kosa hili linarudiwa sana kwa sababu wimbo unafanana mno na yaliyokuja kutokea.

Wimbo huu ni wa Simonon: ameutunga na kuuimba mwenyewe, wa kwanza kuimba kwenye albamu ya bendi. Inasemwa wazi kuwa mojawapo ya sababu ilikuwa pesa. Aligundua kuwa anayelipwa zaidi ni mtunzi, si mpiga besi wala mchora mabango. Ndani ya beti zake anamtaja Ivan, kijana wa filamu ya Jamaika "The Harder They Come" ya 1972, ambaye Jimmy Cliff alimwigiza. Ivan anatoka shamba kwenda Kingston kutafuta maisha ya uimbaji na kuishia kukimbizana na polisi akiwa na bastola.

Usikilize kwa makini. Besi ndiyo inayobeba kila kitu: noti chache zinazopanda, zinasita, kisha zinashuka na kuzunguka tena bila kubadilika sana mpaka mwisho. Gitaa la Jones halina kazi kubwa zaidi ya kukata kwenye nafasi zilizoachwa. Sauti ya Simonon ni nzito na kavu, karibu ya mtu anayeongea, na hajitahidi kuipamba. Anayejua kuimba angeuharibu. Besi hiyo ilikuja kuchukuliwa na Beats International kwa wimbo wao "Dub Be Good to Me", ulioshika namba moja Uingereza mwaka 1990. Jukwaani, ulipofika wimbo huu, Simonon alimpa Strummer besi na yeye akachukua gitaa, maana kuimba na kupiga besi ile kwa pamoja si mchezo.

Na "Lover's Rock" ni rege pia?

Jina limewadanganya wengi. "Lovers rock" ni tawi la rege lililoota London katikati ya miaka ya 1970, rege laini ya mapenzi, iliyoimbwa zaidi na wasichana. Mwaka 1979 wenyewe Janet Kay alitamba nayo kwa "Silly Games". The Clash walichukua jina, lakini mdundo hawakuuchukua: wimbo wao ni roki nyepesi ya kawaida. Usiuweke kwenye hesabu ya nyimbo za rege. Na kusema kweli, ni miongoni mwa nyimbo dhaifu za albamu.

Rokabili na rock and roll ya zamani zimetoka wapi?

Kwa Strummer zaidi. Kabla ya The Clash alikuwa na The 101ers, bendi ya kupiga kwenye baa za London, na huko walipiga rock and roll na R&B (muziki wa dansi wa Wamarekani weusi) za kizamani. Mwaka 1976 panki ilimtaka azifiche hizo, na akazificha. London Calling ndiko alikozitoa tena.

Kuna na safari ya Marekani. Mapema 1979 The Clash walizunguka huko kwa mara ya kwanza, na waliomba Bo Diddley awe anafungua maonyesho yao. Mkongwe wa miaka ya 1950, tena mmoja wa walioijenga rock and roll, akapanda jukwaani kila usiku kabla ya vijana wa panki ambao baadhi ya mashabiki wao hawakuwa wakimjua. Miezi michache baadaye "Hateful" inaingia na mdundo ule ule unaobeba jina la Bo Diddley, wa kudunda na kuacha pengo. Hapo huhitaji kubahatisha.

"Brand New Cadillac" ni rokabili halisi ya Mwingereza Vince Taylor, ya mwaka 1959. Bendi iliipiga studio kupasha moto mikono. Topper akalalamika kwamba wameongeza kasi njiani, kwa hiyo irudiwe. Guy Stevens akakataa: rock and roll yote huongeza kasi. Ikabaki hivyo. Ukiifuatilia kwa mguu utaona Topper alikuwa na haki ya kulalamika na Stevens alikuwa na haki ya kukataa.

Guy Stevens alifanya nini hasa? Alikuwa prodyuza au mchochezi?

La pili, na alilifanya vizuri. Miaka ya 1960 alikuwa DJ maarufu wa R&B katika klabu ya Scene mjini London, na aliendesha lebo ya Sue kwa upande wa Uingereza, akiingiza muziki wa Wamarekani weusi ambao vijana wa Kiingereza wasingeupata. Baadaye aliwatengenezea albamu Mott the Hoople, bendi ambayo Mick Jones aliipenda kupita kiasi akiwa kijana. Kufikia 1979 pombe ilikuwa imemwandama na CBS hawakumtaka. Bendi ikashikilia.

Studioni alirusha viti, alizungusha ngazi wakati watu wakipiga, na aliwahi kumimina kinywaji ndani ya piano. Kazi ya kupanga sauti ikawa ya Bill Price, na uhodari wa Price ndio unaofanya albamu isikike safi hadi leo. Stevens alichokuwa akikitafuta ni upigaji wenye roho, hata ukiwa na makosa. Alifariki 1981.

Nyimbo zipi ni za watu wengine?

Tatu. "Brand New Cadillac" nimeshaieleza. "Revolution Rock" ni rege ya Danny Ray na Jackie Edwards. Ya tatu, "Wrong 'Em Boyo", ni ya The Rulers, kundi la Jamaika la miaka ya 1960, na ina ukoo mrefu kuliko zote.

Usiku wa Krismasi wa 1895 huko St. Louis, Marekani, Lee Shelton alimpiga risasi Billy Lyons baada ya kugombana. Wamarekani weusi wakalitungia tukio hilo wimbo, "Stagger Lee", ukaimbwa kwa namna zisizohesabika. Ukavuka bahari hadi Jamaika, The Rulers wakaufunga ndani ya ska na kuupa onyo dhidi ya kudhulumu. The Clash wanaanza kwa "Stagger Lee" yenyewe, polepole, kisha baada ya muda mfupi Strummer anawasimamisha wenzake na kuwataka waanze upya, na hapo ndipo ska inapofyatuka. Yaani wameweka matoleo yote mawili ndani ya wimbo mmoja, la Marekani na la Jamaika, ukiwa na masikio unasikia pale yanapoungana.

Jina "London Calling" limetoka wapi?

Ni mwito wa redio. BBC ilijitambulisha hivyo kwenye matangazo yake ya nje, na wakati wa Vita Kuu ya Pili mwito huo uliwafikia watu wa nchi zilizokaliwa na Wajerumani. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza 1957, nao wamekua na sauti kutoka London ikiwaletea habari za dunia. Strummer alichukua sauti hiyo ya kujiamini na kuipa habari za maafa. Machi 1979 mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ulipata ajali huko Pennsylvania, na London kwenyewe kulikuwa na hofu ya mto Thames kufurika.

Kimuziki, wimbo huu si rege wala si panki ya 1976. Gitaa linagonga kila pigo, moja mbili tatu nne, kama kwata, na besi inaingia juu yake ikiteremka. Mwishoni vyote vinazima na gitaa linabaki likitoa alama za Morse: S-O-S.

Kuna mitindo mingine ya kutaja?

"Jimmy Jazz" ni jazi ya kuigiza, ya mluzi na saksafoni, na inaendeshwa na Topper ambaye jazi na soul alikuwa akizijua hasa. Bila mpiga drams kama yeye albamu hii isingewezekana, maana kila mtindo una namna yake ya kupigwa na yeye alizijua zote. "The Card Cheat" wameirekodi kila chombo mara mbili ili ijae kama santuri za prodyuza Mmarekani Phil Spector. "Lost in the Supermarket" ni pop laini: Strummer aliiandika, Jones akaiimba. "Spanish Bombs" inataja vita vya Uhispania na mshairi Federico García Lorca, lakini ndani yake hamna flamenko, muziki wa gitaa wa Uhispania, yoyote. Usiiongeze kwa sababu ya maneno.

Nitajuaje kama ushawishi ninaouandika ni wa kweli?

Anza na karatasi ya albamu inayotaja watunzi: jina la mtunzi likiwa si la bendi, umemaliza kazi. Kisha angalia maisha: Bo Diddley alisafiri nao, Simonon alikulia Brixton, Jones alikuwa shabiki wa Mott. Haya yanathibitika na yanaweza kuandikwa kama chanzo. La mwisho ni sikio lako mwenyewe. Sikio lina haki yake, ila andika kuwa wimbo unakukumbusha kitu fulani, usiseme umetokana nacho. Makala nyingi za muziki zinaharibika hapo, pale mwandishi anapougeuza mfanano kuwa ukoo.

Jalada lina uhusiano wowote na muziki?

Upo wa moja kwa moja. Picha ni ya Pennie Smith, ya Septemba 1979 katika ukumbi wa Palladium, New York, Simonon akilivunja besi lake sakafuni. Smith hakutaka itumike kwa sababu haikutulia. Mchoraji Ray Lowry akazungushia herufi za waridi na kijani zilizopangwa kama kwenye albamu ya kwanza ya Elvis Presley, ya 1956. Kabla sindano haijagusa santuri umeshaambiwa kuwa rock and roll ya zamani imo.

Kwa nini "Train in Vain" haipo kwenye orodha ya jalada?

Ilikusudiwa kugawiwa bure na gazeti la muziki la NME, mpango ukavunjika, ikatiwa mwishoni mwa upande wa nne wakati majalada yameshachapwa. Kwenye santuri za mwanzo jina lake limekwaruzwa karibu na kibandiko cha katikati. Ndiyo iliyowafikisha namba 23 Marekani, kwa mdundo wa R&B na harmonika, kinanda kidogo cha mdomo.

Ni albamu ya 1979 au ya miaka ya 1980?

1979. Jarida la Rolling Stone liliitaja albamu bora ya miaka ya 1980 kwa kufuata tarehe ya Marekani, na ndiyo sababu ya mkanganyiko.

Kuna ushahidi wa nyimbo zilivyokuwa kabla ya studio?

Upo, na ni wa thamani. Nyimbo zilitungwa na kufanyiwa mazoezi Vanilla, chumba cha nyuma ya gereji eneo la Pimlico, ambako walipiga muziki na kucheza mpira. Kanda za mazoezi hayo zilidhaniwa zimepotea hadi Mick Jones alipozipata, na zikatolewa na toleo la miaka 25 mwaka 2004. Ndani yake kuna "Paul's Tune", ambayo ni "The Guns of Brixton" ikiwa bado haina maneno. Kuna "Up-Toon", ambayo baadaye ikawa "The Right Profile". Kuna pia wimbo wa Bob Dylan, "The Man in Me", walioupiga kwa rege na hatimaye wakauacha nje. Ukizitumia kanda hizo, taja kuwa ni za mazoezi, maana sauti zake ni za kaseti na mpangilio wa nyimbo kadhaa si ule uliopo kwenye albamu.